Gemu Aliyoletewa Mama

Simu ikichajiwa muda mrefu huku mtu anaichezea, inatoa harufu. Si harufu ya kuungua, bado. Ni ile ya plastiki iliyopata joto, kama beseni lililosahauliwa karibu na jiko. Wateja wangu hawaisikii. Mimi naisikia hata nikiwa nimewapa mgongo, na kila nikiisikia namwambia mwenye simu aiweke chini ipumzike. Wananicheka, wanadhani naogopa betri.

Nina kibanda cha simu pale Katesh. Nabadilisha vioo, naweka nyimbo, naweka gemu. Vijana wanakuja: "Dada, niwekee gemu kali." Nawauliza, kali kivipi? Unataka kuwashinda watu? Unataka kuogopa? Unataka kuumiza kichwa, au unataka tu saa zisogee? Wengine wananitazama kama nimeulizia mahari ya dada zao. Lakini mimi siweki gemu kwenye simu ya mtu kabla sijajua anaitafutia nini, maana niliwahi kulikosea jambo hilo nikiwa mtoto, na aliyeumia hakuwa mimi. Na niseme mapema, mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa nashuku. Nyinyi mliokulia kule juu Mbulu mnajua, ukungu ukishuka humwoni ng'ombe wako mwenyewe mpaka akukanyage mguu. Mtu wa hivyo anajifunza mapema kutokuamini anachokiona.

Kwetu ni Nambis, huko huko Mbulu. Nilikuwa darasa la nne, na mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto akaishi miezi miwili. Alianza kukohoa Jumapili, Alhamisi tukamzika nyuma ya nyumba. Jina lake silitaji, mama hapendi.

Baada ya mazishi ikaanza metimani. Kwa wasioijua, hii ni desturi ya kwetu Wairaqw: nyumba iliyofiwa na mtoto wa kunyonya inatengwa kwa muda. Si kwa chuki, ni kwa kuogopa kwamba msiba ule utashikamana na wengine. Mama hatoki nje ya ua. Haendi sokoni, haendi kanisani, hakanyagi njia wanayopita watu, na chemchemini ndiyo kabisa hafiki. Hakuna anayeingia kwetu, hakuna anayekula chetu, na kitu hakipokelewi mkono kwa mkono. Kinawekwa chini, aliyekileta anarudi nyuma, ndipo unakiokota. Nyumba nyingi wakati huo zilikuwa zimeshaiacha desturi hiyo, na padre alikuwa ameikemea mpaka sauti ikamkauka. Lakini Bibi, mama mzazi wa baba, hakuwa mtu wa kukemewa na padre, na baba yangu, aliyeimba besi kwenye kwaya, alimwogopa mama yake kuliko alivyoogopa moto wa milele. Wazee wakakaa, wakasema mama atabaki ndani mpaka maharage ya msimu yavunwe. Mimi niliruhusiwa kwenda shule kwa sababu, kama Bibi alivyosema kwa uchungu, serikali haina metimani. Ila nipite pembeni, nisiingie nyumba ya mtu, na maji tuchote kwenye kijito cha chini wanakonywea ng'ombe.

Mama hakuwa mtu wa kukaa. Alizaliwa Nangwa, kule Hanang, chini ya mlima, na hadithi zake zote zilikuwa za kutembea: alivyokwenda mnadani kwa miguu, alivyotembea toka Mogitu na kuku wawili kichwani. Sasa akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni anaosha vibuyu vya maziwa kwa mkaa. Anamaliza cha mwisho, anarudia cha kwanza ambacho ni kisafi. Ukimwongelesha anakujibu, lakini jibu linakuja limechelewa. Niliogopa. Mtoto mmoja alikuwa ameshatutoka, na nilimwona mama naye ameanza kuondoka taratibu. Hilo ndilo lililokuwa rohoni mwangu miezi ile yote, mama asije akaondoka na yeye.

Ndipo akaja Mjomba Tluway, mdogo wake mama, fundi simu wa Katesh kabla yangu. Siku hiyo alisimama nje ya ua, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bibi.

"Marahaba. Umeshika nini hicho?"

"Simu, mama. Ya kumpotezea dada mawazo."

"Mawazo yake yamekukosea nini?"

Mjomba akacheka peke yake. Akaiweka simu juu ya jiwe bapa la langoni, akarudi nyuma hatua kumi, nami nikatumwa kuiokota. Ilikuwa ya kugusa, kioo kimepasuka pembeni, haina laini ndani yake. Laini ya nini, alisema Mjomba, hii ni ya gemu tu. Bibi aliitazama simu ile kama mtu anavyotazama yai alilolikuta njiani. Alikuwa na msemo wake kwamba watu wa tambarare ya Hanang wana mambo, ingawa mambo gani hakuwahi kuyasema, na mkwe wake alimtoa huko huko kwa ng'ombe halali. Mimi nikamtazama Bibi anavyotazama, nikajua kazi yangu: kuichunga simu ile.

Kwa kuwa kitu kikishaingia kwetu hakitoki mpaka siku zitimie, simu ilibaki. Baba akaiunga na waya wa kile kisola chetu kidogo. Mjomba akawa anakuja kila baada ya wiki mbili na memori kadi, kadogo kama ukucha, kamefungwa kwenye kipande cha gazeti, anaweka juu ya jiwe. Halafu anasimama nje ya ua anafundisha kwa kupiga kelele, mpaka mbwa wa jirani wakaitika.

"Dada, gusa kulia! Kulia! Siyo hapo, umegonga ukuta!"

Gemu ya kwanza ilikuwa ya magari. Mama aliendesha dakika tano. "Nikimbie niende wapi?" akauliza, akaiweka chini. Ya pili ilikuwa ya kupanga matunda, yakilingana yanapasuka. "Kwani mimi nimezaliwa kupanga matunda?" Ya tatu watu walipigana risasi. Hiyo mama hakuifikisha hata dakika moja. Aliizima, akaingia ndani, na Mjomba akabaki langoni anajikuna shingo.

Safari iliyofuata hakuleta kitu. Alichuchumaa pale pale mpaka wa ua, mama akakaa upande wa pili, kati yao pametosha ng'ombe kulala. Nilikuwa nafagia zizi, nikapunguza kufagia ili nisikie.

"Dada, mimi nakuletea ninazopenda mimi," alisema Mjomba. "Hebu niambie wewe. Ukicheza, unataka upate nini?"

Mama akamjibu kwa sauti ya chini sana, sikupata hata neno. Nilichokiona ni Mjomba. Kicheko kilimpotea usoni. Akageuka akaitazama barabara, akasimama, akavaa kofia, akaondoka bila kuniaga. Mjomba hakuwahi kuondoka bila kuniaga! Nikajisemea, hapa pana kitu. Mtu akiambiwa neno la kawaida haondoki vile.

Wiki mbili baadaye alirudi. Safari hii kadi haikuwa kwenye gazeti, aliitoa mfuko wa shati, upande wa moyo. Akasema aliipata kwenye simu ya mteja mmoja, mgeni aliyekuja kupanda mlima, maandishi yake hata yeye hayaelewi, lakini dada ajaribu. Mama akajaribu. Hakuiweka chini siku hiyo mpaka simu ilipozima yenyewe.

Sasa niwaeleze nilichokiona, mnihukumu wenyewe. Kioo kizima kilikuwa ukungu. Ukungu wetu kabisa, wa kijivu, unaotambaa. Ndani yake anatembea msichana mdogo aliyejifunga nguo nyekundu, ameshika taa. Hakuna anayemfukuza, hakuna pointi, hakuna saa inayohesabu. Anatembea tu. Anakuta mawe yenye michoro, unayageuza mpaka vivuli vyake vigusane, njia inafunguka. Anakuta ndege wenye nyuso za watu. Anakuta nyumba zilizochimbwa ndani ya kilima, paa lake nyasi, zile zile walizokuwa wakichimba mababu zetu kujificha na wavamizi wa ng'ombe, ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimeonyeshwa shimo la mojawapo. Waliotengeneza gemu ile walizionea wapi nyumba zetu? Na chini ya yote kuna sauti inaimba mdomo ukiwa umefungwa, kama mtu anambembeleza mtoto chumba cha pili. Hadithi yenyewe hata asiyejua kusoma aliielewa kwa picha za mwanzoni: mto umechukua mtoto mchanga, na dada yake anamfuata.

Mto umechukua mtoto. Nilisimama nyuma ya kigoda cha mama, mwili ukanisisimka wote.

Maana kuna jambo nililokuwa nalijua. Wiki ya mazishi, Bibi alimwambia baba, akidhani niko zizini, kwamba mama alipita chemchemini jua likiwa utosini, mtoto mgongoni, na wenye maji, ile mizimu ya chemchemini, hawapendi kuonyeshwa kichanga saa ile. Baba akasema, "Mama, mtoto alikuwa na nimonia." Bibi akasema, "Na nimonia ilitumwa na nani?" Mimi nikachukua neno la Bibi, la baba nikaliacha, kwa sababu la Bibi lilikuwa na mtu wa kulaumiwa.

Kwa hiyo nikaanza ulinzi. Mama alipocheza nilijifanya nachambua mboga. Aliongea na ile simu! "Pita huku, mama. Taratibu, panateleza." "Ngoja, nitakufikia." Na aliweza gemu ile kuliko mwenye kuileta. Siku moja Mjomba alikuja akilalamika kwamba yeye amejiwekea na yake, amekwama wiki nzima kwenye nyumba ya kikongwe asiye na macho, mlango haufunguki.

"Ulimsalimia?" mama akauliza.

"Nani?"

"Huyo bibi wa mlangoni. Mguse yeye kwanza kabla hujagusa mlango. Atainamisha kichwa."

"Dada, ile ni gemu!"

"Kwa hiyo kwenye gemu ndiyo huna adabu?"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini, na mama, nawaambia, mama alitabasamu. Mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Mtoto mwingine angefurahi. Mimi nilijiuliza, amejuaje? Nani amemwambia kule ndani kwamba kikongwe anataka salamu?

Kilichonimaliza kabisa kilikuwa daraja. Mwisho wa safari ya yule msichana kulikuwa na daraja la magogo juu ya maji meusi, na ng'ambo taa ndogo inawaka. Mama alifika pale, nadhani, ndani ya mwezi wa kwanza. Alimsimamisha msichana mwanzo wa daraja, akatazama ng'ambo, akatazama, kisha akairudisha gemu mwanzo kabisa. Kesho yake tena. Wiki nzima. Anafika darajani, anasimama, anarudi. Mimi sikuwa na shaka tena ni nani aliyewasha ile taa ng'ambo. Mdogo wangu alikuwa mle. Wenye maji walikuwa naye, wamefungua dirisha kwenye simu ya Mjomba, wanamwimbia mama kila siku mdomo umefungwa, na mama anasogea, anasogea. Siku akivuka, basi. Na Mjomba? Mjomba niliyempenda, niliyesubiri pipi zake? Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana aliondoka bila kuniaga.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Baba angesema tusali. Bibi angewaita wazee. Na mama mwenyewe nilimwona kama ameshafika nusu ya njia. Nilimtazama tu, kila siku, nikihesabu mara ngapi amefika darajani.

Ikaja Jumamosi. Maharage shambani yalikuwa yameanza kugeuka njano majani. Nilikuwa nakamua mbuzi nikamsikia mama anaichomeka simu kwenye waya, na akaiambia kwa sauti nyepesi, kama mtu anayejiandaa kwenda harusini:

"Nikimaliza vibuyu. Leo nitavuka."

Maziwa yalinimwagikia mguuni. Nilingoja aende nyuma ya nyumba na vibuyu vyake. Nikaingia, nikaichomoa. Ilikuwa ya moto, inatoa ile harufu, na kwangu mimi wakati ule ilikuwa harufu ya kitu kinachopumua. Nikaifunga kwenye khanga, nikaruka ua, nikakimbia. Sikupita pembeni kama nilivyofundishwa. Nilipita njia ya watu katikati kabisa, njia fupi, kuelekea chemchemini, kwa sababu mali ya mtu unamrudishia mlangoni kwake.

Nilipiga magoti pale kwenye jicho la maji. Nikaizamisha simu kwa mikono miwili, mpaka kwenye viwiko, nikaisukuma chini ya jiwe. Nikasema, na nilisema kwa sauti ili wasikie, "Chukueni chenu. Tuachieni mama." Mapovu machache yakapanda. Nikajisikia mwepesi. Kweli kabisa, sijawahi kujisikia mwepesi vile, nikajua nimemwokoa mama yangu.

"Weee! Wewe mtoto!"

Alikuwa Mama Dangi, jirani yetu, na ndoo yake ya njano. Alinitazama usoni, akatazama mikono yangu inavyochuruzika, akatazama maji.

"Yesu na Maria. Si nyinyi mko ndani nyinyi? Si kwenu kuna metimani?"

Mama Dangi akamwaga maji yote aliyokwisha kuchota, akaiacha hata ndoo yenyewe, akapanda mlima akipiga yowe. Ndipo nilipokumbuka nilipokuwa. Kaya zaidi ya ishirini zilikunywa pale.

Mchana wazee walikaa nje ya ua wetu, upande wao. Aliyeongoza alikuwa Mzee Gwandu, aliyekuwa na usemi wa mwisho juu ya chemchemi ile, mtu mpole, hakunyanyua sauti hata mara moja, na upole wake ulinitisha kuliko fimbo. Aliniuliza nilipeleka nini. Nikasema simu. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yote, mto, taa, daraja, sauti. Nilidhani watanishukuru. Wazee walitazamana. Mmoja akauliza kama mtoto huyu anakula vizuri.

"Chemchemi itafungwa siku saba," alisema Mzee Gwandu mwishoni. "Kondoo mmoja atatoka kwenu, maji yasafishwe. Na siku za nyumba hii zinaanza upya. Mpaka mahindi."

"Mzee," baba alisema, "zilibaki wiki tatu."

"Nafahamu, mwanangu. Zilibaki."

Mpaka mahindi ilikuwa miezi. Nilimtazama Bibi, yeye aliyeipenda desturi hii kuliko wote, nikidhani ameridhika. Alikuwa amejifunika khanga usoni analia. Baba aliingia zizini kuchagua kondoo. Nikageuka nikaona mama amesimama mlangoni, mikono bado myeusi ya mkaa. Alikuwa amesikia kila neno.

Nilisubiri kipigo hadi jua likaanza kupungua nguvu. Hakikuja. Mwishowe aliniita, nikaenda nikiburuta miguu. Alikuwa kwenye kigoda chake, na pembeni ule waya wa sola umening'inia hauna kitu.

"Njoo ukae. Karibu."

Nikakaa chini. Akanishika mkono, ule ule uliozama chemchemini.

"Uliona nini mle kwenye simu?"

Nikamwambia kama nilivyowaambia wazee. Nilipofika kwenye taa ya ng'ambo, kwamba mle alikuwa mdogo wangu anamwita, alifumba macho.

"Mle hakuna mtu, Fausta," alisema. "Mjomba wako aliniambia toka siku ya kwanza, ukivuka lile daraja gemu imekwisha. Yule msichana anamkuta mtoto, wanarudi kwao, basi, hakuna tena pa kutembea. Ndiyo maana sikuvuka."

"Sasa ulikuwa unatafuta nini?"

"Sikutafuta kitu. Nilikuwa natembea." Alinyoosha kidevu kuelekea langoni. "Toka nimzike mwanangu sijapita lile jiwe. Tluway aliniuliza nataka nini nikicheza, nikamwambia, nitafutie mahali pa kupita. Penye ukungu kama huu wetu, penye mzee wa kumwamkia. Sitaki kushindana na mtu. Akanitafutia."

"Na leo? Ulisema leo utavuka."

"Si zilikuwa zimebaki wiki tatu? Nilikuwa nakaribia kutoka. Nikaona sasa naweza kuimaliza, nimwache yule mtoto na nduguye waende kwao. Sikuwa naihitaji tena."

Nililia pale kwa sauti, mpaka Bibi akachungulia. Mama hakunibembeleza, na hakunisukuma. Alingoja nimalize.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Miezi yote hii umenikalia nyuma ya mgongo kama askari. Nilikuwa nakuona. Nikasema ataniuliza leo, ataniuliza kesho. Kuuliza si ujinga, mwanangu."

Mjomba alikuja wiki ile, akaambiwa. Hakunigombeza na yeye. Simu ilitolewa chini ya jiwe siku ya kusafisha maji, imekufa kabisa, na kadi pamoja nayo. Kwenye simu yake Mjomba alikuwa ameshaifuta gemu ile apate nafasi ya nyimbo. Mgeni mwenye nayo alikuwa ameshakwenda kwao, na jina la gemu, kwa vile lilikuwa la maandishi yale, hakuna aliyejua kulitamka, wapi ungeanza kulitafuta? Aliahidi kuleta simu na gemu nyingine. Akaleta gemu mbili, moja ya mapango na moja ya mizimu ya baharini. Mama alishukuru kwa adabu, zikakaa kwenye jiwe.

Lakini nilichotaka kusema ni cha jioni ile ile, kabla jua halijazama, mimi na mama pale mlangoni. Nilikuwa nimemaliza kulia. Mama alikuwa anatazama langoni na mikono yake haina kazi, maana vibuyu vilikuwa vimeisha, na nikaona lile jibu la kuchelewa linamrudia usoni. Nikashikwa na woga ule wa zamani. Sikujua la kufanya. Nikafungua mdomo nikaanza kumsimulia njia ya shule, ninayopita kila siku.

"Ukitoka langoni, mama, unashuka kwa akina Dangi. Kuna matope hapo, unapita juu ya gogo."

Nikaendelea.

"Halafu unapanda. Kushoto kuna shamba la ngano la Mzee Gwandu."

"Imefika wapi ngano yake?" aliuliza.

"Imefika hapa." Nikaonyesha kiunoni kwangu.

"Haya. Polepole, usinirukishe. Baada ya ngano nafika kwenye mkaratusi mkubwa, pale tunapotua mizigo. Nipumzishe hapo kidogo."

Ningenyamaza. Ningesema ndiyo, mama, tumefika, pumzika. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitamficha kitu tena.

"Mkaratusi haupo, mama. Waliukata."

Alinigeukia. Tangu msiba sikuwa nimemwona ananitazama vile, moja kwa moja, macho yote mawili.

"Lini?"

"Siku nyingi. Kabla hata Mjomba hajaleta simu. Wamejengea daraja la kule chini."

Machozi yalimtoka, kimya kimya, na hakuyafuta. Alilia muda mrefu kwa ajili ya mti ule, mama yangu ambaye kaburini kwa mwanawe hakuwa amelia hata tone. Mimi nilimshika goti tu. Kisha akavuta pumzi, akajifuta kwa upindo wa khanga, akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Endelea," akasema. "Niambie na vingine walivyokata."